Ile fe ni ya sauti ya pili

Mpendwa Stela,

Tumsifu Yesu Kristo! Natumaini u mzima, na watoto hawajambo. Sisi huku wazima.

Unakumbuka ulichosema siku ya mazoezi yako ya mwisho, kabla hujahama? Kwamba sisi wa sauti ya pili, ile ya chini ya wanawake kwayani, tunajaza pengo tu, wimbo wenyewe wanao sauti ya kwanza. Neno hilo liliniuma, na sikuwa na jibu. Sasa ninalo.

Kuna mtunzi Mmarekani, Morten Lauridsen, aliyezaliwa mwaka 1943. Mwaka 1994 kwaya ya Los Angeles Master Chorale, chini ya Paul Salamunovich, iliimba kwa mara ya kwanza wimbo wake wa Noeli kwa Kilatini, O Magnum Mysterium. Maneno ni ya kale, ya sala ya usiku wa Noeli: fumbo kuu na sakramenti ya ajabu, wanyama wamemwona Bwana amezaliwa, amelazwa horini, heri Bikira, ambaye tumbo lake lilistahili kumbeba Kristo. Hakuna kinanda wala ngoma. Ni sauti tupu, tena zinatembea polepole.

Lauridsen ameeleza kwamba alikuwa na picha moja akilini, ya Mhispania Francisco de Zurbarán, ya mwaka 1633, iliyoko kwenye makumbusho ya Norton Simon, Pasadena. Malimau kwenye sahani, kikapu cha machungwa, kikombe cha maji na waridi kando yake. Nyuma giza totoro. Ni vitu vya mezani kwa mtu yeyote, ila vimetulia kama vipaji vilivyokwisha kufika altareni, na vyote vinamhusu Bikira Maria.

Sasa sikiliza, dada. Do ni D, yaani wimbo umejengwa juu ya ngazi ya nota inayoanzia D, na wimbo mzima haugusi nota hata moja ya nje ya ngazi hiyo, isipokuwa moja tu. Inakuja kwenye neno "Virgo". Fa inapandishwa nusu inakuwa fe, inakwaruzana na sauti nyingine. Hapo ndipo alipoweka uchungu wa Mama atakayemwona mwanawe akiteswa. Furaha yote ya Noeli imezunguka, na katikati yake kuna mwiba mmoja.

Na nani kapewa kuuimba? Sauti ya pili, Stela! Sisi!

Mara ya kwanza niliposikia nilidhani kuna mtu kakosea. Niliporudia, machozi yalinitoka, nikakukumbuka wewe na ile pumzi yako ndefu.

Nimeanza kuunakili kwa do-re-mi, nimefika "jacentem in praesepio". Sauti ya pili tumebaki watatu, na hakuna hata mmoja anayeweza kuishika ile fe bila kuteleza. Ukija likizo ya Desemba, njoo mapema, walau wiki mbili kabla ya mkesha. Nakala yako nitaituma nikimaliza.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Anjela