Mwanangu, usiifute Nairobi kwenye picha ya baba yako

Mwanangu,

Marahaba. Sisi huku tuko salama, Mlima Meru leo haujaonekana kabisa tangu asubuhi na baridi ya mwezi wa saba Arusha unaijua mwenyewe. Nimeona ile picha uloweka kwenye grupu la familia, ya bango la kumbukumbu ya baba yako. Shangazi zako wamesifia wote, mi nikanyamaza. Sina hasira na wewe, nimekaa nayo siku mbili nikaona bora niandike maana nikipiga simu nitaishia kulia.

Umemkata baba yako kwenye picha yake ya pikipiki ukamhamishia kwenye Nairobi ya sasa ivi, nyuma yake umeweka lile ghorofa la Britam Tower na ile barabara ya juu, Expressway. Najua ulitaka apendeze. Ukasema ile ya zamani imepauka na mji wenyewe hauna kitu. Sasa ngoja nikwambie kilichokuwepo.

Ilikuwa Februari 1997, gereji ya Ngarenaro bado changa, na vipuri vya zile Honda za mashirika alizokuwa anatengeneza hapa mjini vilikuwa havipatikani, ukikipata unaambiwa bei mpaka unakirudisha mezani. Akasema twende Nairobi, mtaa wa Grogan, vipuri vyote viko kule. Tulitoka alfajiri saa kumi na moja kwenye XL 125 yake, mimi nyuma nimevaa suruali na kitenge juu yake, begi limefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu, Ngaramtoni giza, Oldonyo Sambu baridi inakata vidole, Longido ndo jua likatupata. Namanga tukagongewa mihuri upande wetu, tukavuka geti tukapanga foleni upya upande wa Kenya, maana kipindi hicho Jumuiya ya zamani ilishakufa tangu 1977 na hii mpya mkataba wake ulikuja kusainiwa hapahapa kwetu Novemba 1999. Nyie mnaopita kituo kimoja hamuwezi kujua ile foleni ya pili ilivyokuwa inachosha.

Mbele ya Bissil cheni ikakatika. Hakuna mti wa maana, vumbi tupu, mi nikaanza kuhesabu hela za kurudi kwa basi. Baba yako akatoa mfukoni kiungo cha cheni kimefungwa kwenye karatasi ya daftari, alikuwa amekibeba toka nyumbani, akakaa chini akaunga, wazee wawili wa Kimaasai wamesimama pembeni wanamuangalia hawasemi kitu. Ilivyowaka mmoja akapiga makofi. Ndo maana kwenye picha mikono yake ni myeusi mpaka kwenye kiwiko, na wewe umeisafisha mwanangu, umempa mikono ya karani.

Basi tumeshaingia Mombasa Road, akapunguza mwendo akanionesha kwa kidevu. KICC, lile jumba lao la mikutano. Lilikuwa limesimama peke yake pale mbele kama gunzi la mahindi limesimikwa, kichwani limebeba sahani. Ghorofa 28, limekuwepo tangu 1973, na mpaka siku hiyo hakuna jengo Nairobi lililokuwa limelipita. Sisi tumetoka Arusha ambako ghorofa letu la kujivunia ni la mikutano pia, AICC. Hakuongea mpaka tunafika mjini.

Picha tulipigiwa Uhuru Park jioni, tumeshamaliza Grogan, begi limejaa pistoni na ringi na seti mbili za cheni. Pale palikuwa na wapiga picha wa kutembea, wanakusimamisha mgongo ukiwa umeuelekezea mji. Iangalie tena ile yenyewe, siyo hii yako. Kushoto ni Nyayo House. Katikati KICC. Kulia kuna jengo halijakamilika, hilo ndo Times Tower, lilimalizika 2000 likawa refu kuliko KICC. Sasa Britam uliloweka wewe liko Upper Hill, na Upper Hill ilikuwa ng'ambo ya pili, mgongoni kwa mpiga picha. Siku ile baba yako alikuwa ameielekezea uso, kule kulikuwa na miti mingi na nyumba za chini. Umechukua kitu kilichokuja kuota mbele ya macho yake miaka ishirini baadaye ukakiweka nyuma ya kichwa chake.

Na yale majani aliyosimamia usiyatoe. Yule mpiga picha alituambia hapo tunapokanyaga serikali ilitaka kujenga ghorofa 60, mwaka 1989, na mwanamke mmoja akakataa, akaandika barua huku na huku, akatukanwa sana, mpaka mradi ukafa. Wangari Maathai. Mpiga picha akasema huyo mama ndo ameniachia kazi yangu. Baba yako hakulisahau lile jina, alivyopewa Nobel mwaka 2004 alikuja mbio toka gereji kuniambia, akaipangusa picha ukutani kwa shati lake, akaweka kidole kwenye majani.

Kuna kingine sijawahi kukusimulia. Kabla ya picha tulikunywa chai kwenye kibanda huko karibu na Haile Selassie na Moi Avenue, mama wa pale akatuongezea maandazi mawili bila hela aliposikia tumetoka Tanzania kwa pikipiki. Mwaka uliofuata, Agosti 7, 1998, siku ya Ijumaa, tukasikia kwenye redio ubalozi wa Marekani umelipuliwa, na wa Dar pia, saa zilezile za asubuhi. Ule wa Nairobi ulikuwa kwenye hiyo kona. Nairobi peke yake walikufa watu zaidi ya 200, jengo la Ufundi lililokuwa jirani likaporomoka lote. Baba yako aliitoa picha ukutani akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, anatafuta ile kona kwa kidole. Haionekani, imezibwa na miti na majengo. Lakini kidole kilikaa hapohapo muda mrefu, na gereji hakurudi siku ile. Yule mama hatukuwahi kujua kama alipona. Hicho ndo kipande cha kulia ulichokikata ili barabara ienee.

Sikatai mji kubadilika, nimepita kwenye hiyo Expressway mwenyewe nilipokuja kukutembelea na niliifurahia. Ila bango ni la baba yako, na yeye Nairobi aliyoijua ni ile. Picha yenyewe ilikuja kwa posta baada ya wiki tatu, tulishakata tamaa tukajua tumeliwa hela.

Halafu angalia chini, karibu na gurudumu la mbele. Jua lilikuwa mgongoni kwa mpiga picha kwahiyo kuna vivuli viwili vimelala kwenye majani. Kimoja ni chake. Cha pili, kile chenye kitu cha mviringo mkononi, ni mimi nimeshika helmeti. Hela ilikuwa imebaki ya picha moja ya mtu mmoja, nikamwambia kaa wewe, mi nitapiga tukirudi tena, na hatukurudi pamoja. Programu yako imenifuta ikidhani ni doa.

Nimempa dereva wa noa picha yenyewe ndani ya bahasha ya kaki, imebanwa na maboksi ili isikunjike, kesho mchana atakupigia. Mpelekee mtu wa mabango aiskani kama ilivyo, na mpauko wake. Jina na tarehe aandike juu kwenye anga, pale pako wazi, huku chini asiguse.

Mama yako