Salamu za Diwali: Ngurumo ya Vuli na Silabi Moja

Jirani zangu, na ninyi mliohama mtaani mkabaki kwenye simu yangu, salamu nyingi. Diwali, sikukuu yetu Wahindu ya taa, imefika. Huangukia usiku wa mwisho wa mwezi wetu wa Aso, usiku usio na mbalamwezi hata chembe, na kesho yake sisi Wagujarati tunafungua mwaka. Mtatusikia tukiambiana "Saal Mubarak", na najua kuna atakayenitania tena, "Hiyo si ya Idi?" Ndiyo, mubarak ni ile ile. Saal ni mwaka, kwa Kiajemi. Maneno nayo yalipanda majahazi kama watu.

Diwali wengi huijua kwa macho: taa za udongo kwenye ngazi, rangoli mlangoni, fataki. (Fataki mimi sizipendi. Paka wa ghorofani kwetu huhama siku tatu.) Lakini niliyolelewa nayo pale Kisutu ilikuwa zaidi Diwali ya masikio, na hiyo ndiyo nataka kuwagawia mwaka huu pamoja na ladu.

Ba, yaani bibi yangu, aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akaoga, akawasha utambi mmoja wa samli, akashika mala yake. Shanga 108, na moja ya ziada iitwayo meru. Ukifika kwenye meru huivuki. Unaigeuza mala na kurudi ulikotoka. Mwenye tasbihi au rozari hahitaji maelezo zaidi. Alianza kwa sauti, jina la Mungu likasikika hadi jikoni. Baadaye sauti ilishuka, ikabaki midomo tu ikichezacheza. Mwisho hata midomo ilitulia, zikawa zinatembea shanga peke yake. Nilidhani amesinzia. Ukubwani ndipo nikajua kwamba hizo ni daraja tatu za japa, yaani kulirudiarudia jina la Mungu, na kwamba kitabu cha sheria cha Manu kinasema ile ya moyoni inaipita sadaka ya motoni mara elfu moja.

Om, silabi yetu takatifu, mnaifahamu, hata kama ni kwa kuiona imechorwa kwenye kioo cha gari. Kuna Upanishadi moja (hivyo ni vitabu vyetu vya kale vya mafunzo), Mandukya, yenye aya 12 tu, na zote zinalihangaikia neno hilo. A ni hali ya kuwa macho. U ni ndoto. M ni usingizi mzito usioota kitu. Halafu kinakuja kile kimya baada ya midomo kufumbwa, nacho kinahesabiwa kuwa hali ya nne, tena ndiyo kuu. Litamke polepole utaona: linaanzia kooni mdomo ukiwa wazi, linasogea mbele, linaishia mlangoni mlango ukifungwa.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi sauti hizi zilivyotunzwa. Rigveda, mojawapo ya Veda, vitabu vyetu vitakatifu vya kale, ina tenzi 1,028, na kwa karne nyingi hazikukaa kwenye karatasi. Zilikaa vifuani, mwalimu akimtilia mwanafunzi sikioni, kila silabi na kupanda au kushuka kwake. Ili neno lisipotee wala lisiongezeke, walibuni namna za kusoma kwa kusuka. Ile ngumu huitwa ghana. Chukua maneno matatu ya kwetu, "mvua imenyesha leo". Kwa ghana utasema: mvua imenyesha, imenyesha mvua, mvua imenyesha leo, leo imenyesha mvua, mvua imenyesha leo. Kisha unasogea neno moja mbele na kuanza tena, mpaka utenzi uishe. Aliyewahi kukalia mkeka wa madrasa akahifadhi juzuu anajua jasho lake. UNESCO iliutangaza usomaji huu wa Veda mwaka 2003 kuwa miongoni mwa turathi bora za mapokeo ya mdomo duniani, na mwaka 2008 ukaingizwa kwenye orodha yake ya turathi zisizoshikika.

Hapo mtaniuliza swali mliloniuliza tangu shule ya msingi: hivyo mnaelewa mnachosoma? Jibu la kweli ni kwamba wengi hatuelewi, au tunaelewa nusu. Kisanskriti si lugha ya sokoni. Wala swali hilo si la kwenu peke yenu. Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita mwanachuoni mmoja, Kautsa, alishikilia kwamba mantra, yaani maneno hayo ya Veda, hazina maana hata kidogo. Mwanachuoni mwingine, Yaska, akamjibu: si kosa la nguzo ikiwa kipofu haioni. Lakini Yaska huyo huyo hakuwaacha waliohifadhi bila kuelewa. Hao nao alisema ni nguzo tu zinazobeba mzigo. Mimi nimekaa katikati yao. Namkumbuka Ba akisoma asichoweza kukifasiri, uso wake umetulia kama maji ya mtungini, na siwezi kumwita nguzo.

Sasa niwape kisa. Kigujarati babu mzaa baba huitwa "dada". Basi utotoni nilikuwa nikipiga kelele ngazini, "Dada! Dada!", watoto wenzangu wanakaza macho kumsubiri msichana, anateremka mzee mwenye masharubu na bakora. Walicheka miaka. Sauti ni moja. Kila mmoja alisikia yake.

Ba alisema kicheko hicho kimo kwenye vitabu. Katika Brihadaranyaka, Upanishadi kubwa ya msituni, watoto wa aina tatu wa Prajapati, muumba, walimaliza kusoma kwake: miungu, wanadamu na maasura, yaani mapepo. Kila kundi lilimwomba neno la kuagana. Kila kundi aliliambia silabi moja: "Da." Akauliza, mmeelewa? Miungu, waliozoea starehe, walisikia damyata: jizuieni. Wanadamu, wenye mikono mizito, walisikia datta: toeni. Maasura, wakali, walisikia dayadhvam: hurumieni. Wote akawaambia, ndiyo, mmeelewa. Na hadi leo, kinasema kitabu, ngurumo inarudia yale yale: da, da, da.

Diwali ya pwani huja na vuli. Mawingu yakianza kunguruma nasi tunapanga taa, Ba alikuwa akituuliza, "Amesema nini?" Tukijibu "Da!" anauliza tena, "Na wewe umesikia ipi?" Mimi nilijibu toeni kila mwaka, kwa hila tu, maana wakati huo sahani za ladu na chevda zilikuwa zimeshajaa, na aliyezipeleka kwa majirani alirudi na zawadi zake.

Kitabu hicho hicho ndicho chenye dua tunayoisoma tukiwasha taa ya kwanza: asato ma sad gamaya, tamaso ma jyotir gamaya, mrityor ma amritam gamaya. Kutoka kwenye yasiyo kweli nipeleke kwenye kweli. Kutoka gizani nipeleke kwenye nuru. Kutoka mautini nipeleke kusikokufa. Nawaombea hivyo nyote, walio na ndugu hospitalini, wenye madeni ya ada, na yule wa ghorofa ya pili ambaye hasemi ana nini. Wenye maduka watapeleka madaftari mapya ya hesabu yakaombewe, na "Shri", neno la baraka, itaandikwa juu kabla ya tarakimu yoyote. Siku hizi kompyuta nazo hupakwa kumkum, ule unga mwekundu wa ibada. Sina neno.

Juzi usiku vuli ilifungua kinywa, ikanguruma mara tatu juu ya bandari. Watoto wangu walikuwa wamelala. Nikainuka nikaenda kuhesabu sahani: zipo ishirini na mbili, na milango ya ngazi yetu ni ishirini na nne. Mbili nitaazima kwa Mama wa chini, nimrudishie zikiwa na kitu ndani. Saal Mubarak.