Noti ya zambarau

Halifax, Kanada

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima, baridi tu ndiyo haijatuachia. Mwambie Bibi hela za dawa nimetuma jana kwa simu.

Humo kwenye bahasha kuna noti ya zambarau, imechapwa wima. Ni dola 10, tafadhali usiibadilishe. Huyo mwanamke mweusi ni Viola Desmond, msusi kama wewe. Vyuo vya urembo vya hapa Halifax havikumpokea kwa rangi yake, akaenda kusomea Montreal, akarudi akafungua saluni Mtaa wa Gottingen na kufundisha wasichana weusi wenzake. Mtaa huo naupita na basi kila siku. Angalia nyuma ya uso wake, utaona ramani ya mitaa hiyo.

Novemba 1946 gari lilimharibikia mji wa New Glasgow. Akisubiri fundi akaingia sinema, akakaa viti vya chini, vya wazungu. Walikuwa wamemuuzia tiketi ya ghorofani, ya bei ndogo. Akataka kuongeza hela, wakakataa. Wakamtoa mzobemzobe, akalala mahabusu, asubuhi akashitakiwa kwa kukwepa kodi. Kodi yenyewe, ile tofauti ya tiketi ya ghorofani na ya chini, senti moja, Mama! Akatozwa dola 26, faini na gharama. Alifariki mwaka 1965 hukumu ikiwa bado juu yake. Msamaha ulikuja 2010, ukatiwa saini na mwakilishi wa Malkia jimboni hapa, naye mwanamke mweusi. Noti ikatoka 2018. Siku niliyorudishiwa chenji nikaiona mara ya kwanza, nilisimama kaunta naitazama mpaka watu wa nyuma wakanihimiza.

Lakini Jumapili nilikwenda Africville, hapa hapa Halifax, ukingoni mwa bahari. Weusi waliishi pale zaidi ya miaka 100, kodi wanalipa, maji ya bomba hawapewi, na jalala la jiji wakaletewa jirani. Miaka ya 1960 wakavunjiwa nyumba, wengine vyombo vyao vikabebwa na malori ya taka. Mwaka 2010 meya aliomba radhi, na kanisa likajengwa tena kwa mfano wa lile lililobomolewa. Viwanja havikurudi. Noti hii naipenda kwa moyo wote, Mama, lakini pale nje ya kanisa niliumia: walioweza kuchapa sura ya Viola wangeweza pia kuandika hati za viwanja.

Itie fremu uitundike karibu na kile kioo kikubwa. Mteja akiuliza ni nani, msimulie huku unamsuka.

Mwanao,
Zuhura