Barua kwa mwanangu anayetaka kuwa dalali

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa kwenye daladala natoka Goba kumwonyesha mteja nyumba. Unasema umechoka kutembeza vyeti, unataka tufanye wote udalali. Sikatai. Kazi hii ndiyo iliyotulisha tangu baba yako alipotutoka. Ila kuna jambo sijawahi kukusimulia, na nataka ulijue kabla hujaandika namba yako ya simu kwenye kibao chochote.

Ulikuwa darasa la tano. Mwezi wa kwanza, jua kali, shule zinafunguliwa na viatu vyako vimetoboka. Akaja mama mmoja ana watoto wawili, anatafuta chumba na sebule. Nilikuwa na nyumba Kigogo, bondeni, upande wa mto Msimbazi, kodi shilingi 60,000 kwa mwezi. Chumba kilivutia. Lakini niliposimama mlangoni niliona rangi ni mpya kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, juu yake ni ya zamani. Nyuma ya mlango, pale ambapo brashi haikufika vizuri, palikuwa na mstari wa kahawia. Nikajua maji yalishafika pale.

Yule mama akaniuliza, "Dada, huku maji hayaingii?"

Nikamjibu kuwa mwenye nyumba ameshajenga ukuta. Ukuta ulikuwepo kweli, na kwa huo nikajitetea moyoni. Akalipa miezi sita kwa mwenye nyumba, mimi akanipa kodi ya mwezi mmoja, na jioni ile nikakununulia viatu.

Mwezi wa nne masika ilipokolea akanipigia saa tisa usiku. Hakunitukana. Aliniomba namba ya mtu mwenye kirikuu, kile kigari cha kubebea mizigo. Nilipofika asubuhi godoro lilikuwa juu ya meza, watoto wamekaa juu ya godoro, na tope limesimama palepale kwenye ule mstari. Mwenye nyumba akasema hela ameshaitumia, harudishi. Nilimtafutia yule mama chumba Sinza bila kuchukua hata senti, na ile 60,000 yangu nikamrudishia elfu tano, elfu kumi, mpaka mwezi wa nane. Hajanipigia tena tangu hapo, na simlaumu.

Kwa hiyo sasa nyumba naiendea peke yangu kabla ya mteja. Nafungua bomba. Nauliza maji ya DAWASA yanatoka siku zipi. Naangalia luku ya umeme ni ya mpangaji mwenyewe au wanachangia, maana ugomvi mwingi wa wapangaji unaanzia hapo. Nasogeza pazia, nafunga mlango nikiwa ndani, naangalia ukuta.

Mshahara hakuna, hilo unalijua. Kuna miezi nimefunga dili tatu na kuna miezi nimekopa unga dukani. Mara nyingi nyumba ni ya dalali mwingine na mteja ni wako, mnagawana. Utazunguka na mtu Tabata, Segerea mpaka Kinyerezi, usiku arudi peke yake kwa mwenye nyumba ili asikulipe. Inauma sana. Lakini uchungu huo usikufanye utoze watu hela ya kuonyeshwa nyumba ambayo unajua imeshapata mtu. Wapo wanaoishi kwa hizo elfu kumi kumi. Hilo sitaki kulisikia kwako.

Viwanja usiviguse kwanza. Mwaka 2017 uliona Kimara, watu wamekaa juu ya vifusi vya nyumba zao zilizobomolewa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro. Siku utakapovigusa, nenda serikali ya mtaa, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi wa hati, uone kama kiwanja kipo kwenye hifadhi ya barabara. Ikiwa ni nyumba inauzwa, muulize muuzaji mke wake yuko wapi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mtu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nilishawahi kupeleka mnunuzi Mbezi, tukiwa uani tunapiga hatua, mwanamke akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza hawa wageni wanapima nini. Mumewe akainama. Nikamwambia mnunuzi tuondoke, ingawa fungu langu pale lingetosha kukulipia mwaka mzima wa chuo.

Jumamosi nina mteja wa nyumba mbili Kijitonyama na moja Mwenge. Njoo Ijumaa saa moja asubuhi tukaziangalie, vaa raba. Utaingia wewe kwanza, mimi nitakusubiri nje. Ukitoka uniambie umeona nini nyuma ya milango.

Mama yako