Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: mwaka tuliokwama Chole

Ndugu wanachama wa chama chetu cha safari,

Mwaka jana niliposimama mbele yenu niliahidi mambo matatu: hesabu zitasomwa kwa wakati, ada haitapanda, na tutafika kisiwa cha Mafia. La kwanza mweka hazina amelitimiza, karatasi mnazo mkononi. La pili limetimia kwa kujibana. La tatu nalo limetimia, kwa namna yake, na ndilo litakalonichukulia muda leo, maana limezaa manung'uniko kuliko safari yoyote tangu tuanze kuchangishana.

Safari nyingine nitazipitia haraka. Msitu wa Pugu tulikwenda Machi tukanyeshewa. Kisiwa cha Mbudya tulikwenda Agosti, tukala samaki wa kukaanga, tukarudi kabla ya magharibi. Zilikwenda vizuri, na safari iliyokwenda vizuri haina mengi ya kusimulia.

Sasa Mafia. Kwa ndege, kutoka hapa Dar es Salaam mpaka Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, ni kama nusu saa tu, lakini nauli ya watu 24 ingekomba mfuko wote. Kamati ikaamua tupite nchi kavu: Mbagala, Vikindu, Mkuranga, mpaka Bungu, halafu tukunje kushoto kuelekea Nyamisati, kwenye bandari ya kuvukia. Mwenye basi tuliyemlipa arubuni alituletea gari jingine, si lile tulilolikagua, likatuharibikia njiani mara mbili. Tulipofika bandarini chombo kilishaondoka. Tukalala Nyamisati, wengine kwenye mikeka, na mbu wa Rufiji mnawajua. Sehemu ya arubuni tumerudishiwa baada ya kufuatilia sana. Iliyobaki bado tunaidai.

Asubuhi yake, wakati chombo kinapita kati ya mikoko ya delta ya mto Rufiji, wale waliokuwa wamenuna walianza kusogea ubavuni kutazama. Mikoko ile haina mwisho, na vijito vinagawanyika mpaka unashangaa nahodha anakumbukaje njia. Humo ndimo manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilikojificha katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915 na kuifanya kituo cha kuisaka, mpaka Julai mwaka huohuo ilipoangamizwa. Katibu alisimulia haya kwa kirefu kuliko nilivyomwomba.

Nikiri sasa kosa langu, kabla halijasemwa na mwingine kutoka sakafuni. Safari hii tuliipanga kwa kalenda ya ukutani. Tuliitazama sikukuu ya 9 Desemba, tukahesabu siku za ruhusa kazini, tukafunga mjadala. Hakuna hata mmoja wetu aliyeutazama mwezi. Na kwenye kamati tumo wazaliwa wa Kunduchi na Mjimwema, watoto wa wavuvi kabisa!

Tulivuka kutoka Utende, kijiji cha pwani ya Mafia, kwenda kisiwa kidogo cha Chole saa moja asubuhi, maji yakiwa bado yanatosha. Nahodha alishauri tushinde kule mpaka alasiri. Mimi, ratiba mkononi, nikamwambia saa nne tunarudi kwa sababu mchana tuna shughuli Kilindoni. Akajibu, "Haya, mwenyekiti," kwa sauti ambayo sasa ninaielewa.

Tuliwaona popo wa Chole, na hapo hakuna aliyelalamika. Si popo wa darini mnaowafahamu. Hawa wanakula matunda, mabawa yao yakitandazwa yanakaribia mita moja, na mchana wananing'inia mtini hadharani, wakipigana vikumbo na kujipepea kama abiria wa daladala ya saa kumi na moja jioni. Jamaa zao wako Komoro. Huku kwetu bara huwaoni. Wanachole wanawaacha, na giza likiingia wanatawanyika kutafuta matunda, huku wakieneza mbegu.

Saa nne tukashuka pwani. Ilikuwa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo au mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na mwambao wetu huu siku za bamvua maji hukupwa kabisa mida hiyohiyo ya saa nne na saa tano. Chombo kilikuwa kimelala ubavu juu ya majani ya bahari. Mbele yetu tope, nyuma yetu kisiwa. Baadhi yenu mlijaribu kukifuata chombo kwa miguu, na matokeo yake tuliyaona sote.

Lakini saa hiyohiyo iliyotukwamisha sisi ndiyo iliyowatoa akina mama wa pale kwenda mwambani kuchokoa pweza. Walitupita na vyuma na vikapu vyao, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Waliporudi, mmoja wao, wa umri wa dada yangu mkubwa, akatuuliza tutasimama juani mpaka lini, akatuchukua nyumbani kwake.

Hapa niwaombe radhi kwa jambo lingine. Usiku wa kwanza Mafia mlikula chipsi na kuku. Ni mimi niliyeagiza kwa simu wiki mbili kabla, kwa kuogopa watu 24 wenye matumbo tofauti. Kuku wale walikuwa wa friji, na baadaye nilielezwa kwamba walivuka maji kutoka Dar es Salaam kama sisi. Tumesafiri siku mbili kwenda kula chakula cha Sinza.

Kwa mama yule wa Chole tulikula kilichotoka baharini asubuhi ileile. Pweza alipigwa juu ya jiwe mpaka akalegea, akachemshwa bila kuongezwa maji, kwa sababu pweza anatoa maji yake mwenyewe, na hapo ndipo wapishi wengi wa mjini tunapomharibu. Kisha tui jepesi, likakaukia, halafu tui zito, chumvi na ndimu. Pembeni ugali wa muhogo, na shelisheli lililochomwa kwenye makaa. Mafia nazi si kiungo cha kuhesabia, wanakamua mpaka unaona haya kwa vile vipakiti vyetu. Tulilipa tulichoona kinafaa, naye akarudisha kiasi akisema kimezidi. Mweka hazina alitafuta namna ya kuliandika hilo kwenye daftari, akakosa.

Tukiwa tunakula alitueleza habari ya kufunga mwamba. Vijiji hukubaliana kwamba sehemu fulani haitachokolewa kwa miezi mitatu hivi. Pweza anakua haraka mno na umri wake ni mwaka au zaidi kidogo. Jike hukaa na mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Kwa hiyo muda mfupi tu wa kuuacha mwamba unatosha kuwapata wakubwa. Ugumu, alisema, ni kumzuia asiyekubali, hasa akitoka kijiji kingine. Nilimwelewa, mimi mwenyewe nina wanachama 11 hawajalipa ada.

Tulivuka alasiri, maji yalipojaa, kama nahodha alivyosema tangu asubuhi.

Sasa malalamiko mawili yaliyoletwa kwa maandishi.

La kwanza, kwamba mliahidiwa papa potwe na wengine mkaona mkia tu. Ni kweli. Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na kati ya Oktoba na Machi husogea karibu na Kilindoni kufuata uduvi. Wengi wa pale ni madume wachanga, wa mita 6 au 7 hivi. Watafiti huwatambua kwa picha za madoa ya ubavuni, maana hayafanani kwa papa wawili. Aliyekuja kwetu alikuwa anakula juu ya maji, kinywa wazi, hana habari na mtu. Masharti tuliambiwa: ingia majini taratibu, usimguse, usimkate njia. Mwenzetu mmoja wa Kinondoni akaruka kwa ukelele kama yuko Coco Beach siku ya Idi. Potwe akashuka chini, basi. Simtaji, anajijua.

La pili, kwamba hamkuona watoto wa kasa. Hilo lisingewezekana hata tungekaa mwezi mzima. Kasa hutaga kwenye fukwe za kisiwa cha Juani zinazotazama bahari kuu, mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili, na vitoto kwa wingi hutoka katikati ya mwaka. Potwe ni wa msimu wa upepo wa kaskazi, vitoto vya kasa ni vya ule wa kusi. Tulipaswa kuwaambia hivyo kabla ya kupokea michango. Hatukusema kwa sababu hatukujua.

Kuhusu kiingilio cha hifadhi, ambacho wawili wamekiita wizi, sina huruma. Ile ndiyo hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, tangu 1995, na doria haiendeshwi kwa dua.

Kamati inaleta mapendekezo yafuatayo, nayo naomba yapigiwe kura leo. Mafia iwe safari mbili, watu 12 kila moja. Ya kwanza Julai, kwa ajili ya kasa. Mjue kwamba ni wakati wa kusi na kuvuka kutakuwa na mawimbi. Mwenye tumbo jepesi asubiri ya pili. Ya pili ni ya potwe, na tarehe zitawekwa baada ya nahodha wa Utende kuulizwa habari za mwezi na maji, si kabla. Fedha ya chakula isilipwe kwa nyumba ya wageni ila usiku wa kwanza. Siku nyingine ipelekwe kwa akina mama wapishi wa vijijini, nao wapange tutakachokula. Na kila mtu abebe chupa yake ya maji ya kujaza. Tulirudi na mifuko miwili ya chupa tupu tulizozipeleka wenyewe, na kuibeba kutoka Kilindoni mpaka Mbagala haikuwa kazi ya mwenyekiti, lakini niliifanya.

Orodha ya Julai iko kwa katibu. Pia kuna kiatu kimoja cha kushoto, namba 42, kilichofukuliwa kwenye tope la Chole. Kipo mezani kwa mweka hazina, kimeshaoshwa.