Triga mmeilainisha lakini risasi haziwaki

Kwa meneja wa karakana na wenzako wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Naandika kuhusu ile revolva, bastola ya silinda, niliyowaletea mnifanyie kazi ya triga, na kabla hamjaniambia tena nikabadilishe risasi naomba muisome hii barua mpaka mwisho, maana jibu hilo nimeshapewa kwenye simu na halijanisaidia kitu.

Nilichoomba kipo kwenye fomu yenu wenyewe. Nilisema nataka triga ipungue uzito kiasi na iwe inateleza bila kukwamakwama, alafu nikaandika kabisa chini kwamba risasi ninazotumia zina praima (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti kikigongwa) za kampuni ya CCI. Sikuandika kwa kujaza nafasi. Fundi yeyote anayeshughulika na revolva anajua CCI huwa ngumu kuliko za kampuni ya Federal, na ndio maana watu wa mashindano wenye triga nyepesi kabisa wanang'ang'ania Federal. Kwahiyo fundi wenu alikuwa na taarifa zote kabla hajashika bisibisi.

Bastola imerudi na kweli triga ni laini, ukiivuta ikiwa tupu unafurahi. Shida ni uwanjani. Unavuta, nyundo inaanguka, tik, kimya. Risasi ileile ukiizungusha ukaipiga mara ya pili inawaka, nyingine hata hiyo ya pili inagoma. Na inatokea sana ukivuta triga moja kwa moja bila kukoki, ukikoki nyundo kwa dole gumba karibu zote zinawaka. Hapo tu fundi angeshajua ugonjwa uko wapi, kwasababu ukikoki nyundo inarudi nyuma zaidi kidogo kabla ya kuachiwa kwahiyo inashuka na nguvu zaidi, ila ukivuta moja kwa moja inaachiwa mapema. Maana yake pigo lipo ukingoni kabisa, likipungua kidogo tu praima haiwaki.

Nimewatunzia zile zilizogoma muone wenyewe. Iliyogoma ina kidoa cha kubonyea kidogo sana katikati ya praima, ukipitisha ukucha hata haukwami, ila ganda lililofyatuka kwenye revolva nyingine ambayo triga yake haijaguswa lina shimo la duara la kueleweka, ukucha unaingia. Risasi ni za boksi moja, tofauti ni nguvu ya nyundo basi.

Sasa hiyo hoja yenu kwamba praima zitakuwa zimekaa juu. Jambo hilo lipo, silikatai, praima ikiwa haijazama vizuri pigo la kwanza linaishia kuisukuma ikae chini na la pili ndio linaiwasha. Inatakiwa izame chini kidogo ya kitako cha ganda, kama sehemu 3 mpaka 5 kati ya elfu moja za inchi. Lakini hizi ni risasi za kiwandani na nimezipitia moja moja kwa kidole na kwa rula ya chuma, hakuna iliyochomoza, na kwenye hiyo revolva nyingine zinawaka zote. Mngeniuliza ningewaambia, ila hakuna aliyeuliza.

Nilichokikuta ni hiki. Skrubu ya mbele ya mpini, ile inayokandamiza springi bapa ya nyundo, ilikuwa imelegezwa haijafika mwisho. Jamani ile siyo skrubu ya kurekebishia uzito wa triga! Kazi yake ni kukazwa mpaka mwisho ikae hapo. Ukiilegeza kweli triga inakuwa nyepesi mezani, alafu mtikisiko wa kupiga risasi unaendelea kuilegeza taratibu na nyundo inazidi kukosa nguvu. Nilipoikaza risasi za kugoma zilipungua ila hazikuisha, maana na springi yenyewe mmebadilisha mkaweka dhaifu. Na springi yangu ya kiwandani hamkunirudishia, haipo kwenye boksi wala kwenye risiti hamkuitaja.

Kinachoniuma ni kwamba kupunguza nguvu ya springi kila mtu anaweza, mi niliwalipa kwa ile kazi ngumu. Kazi ya triga inaanza kwenye msuguano, unaangalia nyundo kama inasugua ubavuni kwenye fremu, unatoa vinyuzi vya chuma, unang'arisha pale vyuma vinapoteleza bila kuharibu pembe zake, ndio unakuja kwenye springi ya kurudisha triga. Unapima pia silinda kama inacheza mbele na nyuma kwasababu ikisogea mbele wakati wa pigo inameza sehemu ya nguvu ya nyundo, na unaangalia urefu wa pini inayogonga praima. Springi ya nyundo ni ya mwisho kabisa, nayo unaipunguza kidogokidogo huku unajaribu kwa praima ngumu kuliko zote atakazotumia mteja, zikianza kugoma unarudi juu na unaacha akiba. Triga ya kiwandani ikivutwa bila kukoki mara nyingi inacheza kwenye kilo 5 na nusu hivi, ukiishusha kwenye kilo 4 na bado inawasha kila praima umefanya kazi ya maana. Ukienda chini ya kilo 3 na nusu hapo umeshaanza kuchagua praima, na mteja lazima aambiwe kabla.

Hili siyo la raha tu, ni la usalama. Risasi ikigoma unatakiwa uelekeze mtutu kwenye shabaha na usubiri kama sekunde 30, maana kuna zinazochelewa kuwaka. Kwenye revolva ni mbaya zaidi, ukivuta tena harakaharaka silinda imeshazunguka, ikiwaka ile iliyochelewa inalipukia pembeni haiko usawa wa mtutu. Na kuna mteja wenu mwingine anayetegemea bastola yake kujilinda, huyo akisikia tik hana sekunde 30 za kusubiri.

Ninachotaka: mnirudishie springi yangu ya kiwandani, na kama imepotea mninunulie mpya ya kiwandani siyo hizi laini. Skrubu ikazwe mpaka mwisho. Kazi ya msuguano ifanywe kweli alafu mjaribu kwa maganda matupu yenye praima za CCI kwenye vyumba vyote vya silinda, kwa kuvuta moja kwa moja, na maganda hayo mnirudishie pamoja na karatasi yenye uzito wa triga kabla na baada. Gharama ya kusafirisha ni yenu kwenda na kurudi. Kama hamuwezi kufanya hivyo nirudishieni hela ya kazi yote na springi yangu nitafute fundi mwingine.

Naomba anijibu fundi aliyeishika hiyo bastola, siyo mtu wa simu anayesoma majibu yaliyoandikwa tayari. Picha za praima na za ile skrubu jinsi nilivyoikuta nimeziambatanisha hapa, na namba ya kazi ipo juu ya fomu.

Mteja wenu