Ulimwambia "nyie"

Mwanangu, nimeona jana usiku umejitoa kwenye grupu la familia, sijakupigia makusudi, nimesema ngoja hasira zishuke kwanza, zako na zangu pia.

Nilisoma yote. Mjomba wako ndo alianza, kaandika weee kuhusu chama chake, na mengine hata mimi sikubaliani nayo na nilishamwambia pembeni. Lakini wewe ukamjibu "nyie wazee ndo mmetufikisha hapa". Hapo kwenye nyie ndo pameniuma. Ulikuwa unaongea na mtu mmoja, mjomba wako aliyekushikia baiskeli mpaka ukajua kuendesha, ghafla ukamfanya umati wa watu. Na mtu ukishamfanyia hivyo mbele ya ndugu wote wanaosoma kimya hawezi tena kusema "kweli hapo nimekosea", atatetea kila kitu mpaka yale ambayo hata yeye hayaamini.

Hiyo nyie naijua mwanangu. Mimi nilimwambia rafiki yangu "watu kama nyie" kipindi cha uchaguzi, tukakaa miaka mitatu hatusalimiani. Tulichobishania sikikumbuki vizuri, ninachokumbuka ni alivyoweka kikombe mezani taratibu, chai haijafika hata nusu, akachukua funguo zake akaondoka bila kuaga. Mpaka leo naumia.

Sisemi ukubali kila anachosema, hapana, na akidharau kabila au dini ya mtu mkatalie wazi tena bila kuzunguka. Ila muulize, "mjomba, wewe umepitia nini mpaka ukaona hivi?" halafu umsikilize kweli, sio unasikiliza huku jibu lako lishakaa mdomoni. Mandela alikaa jela miaka 27 na humo humo akajifunza Kiafrikana, lugha ya walinzi wake, aweze kuongea nao na kuwaelewa, na ubaguzi wao aliendelea kuupinga vilevile. Wengi hapo ndo wanachanganya, wanadhani ukimuelewa mtu basi umehamia upande wake.

Na yakiwa mazito usimjibu kwenye grupu, mpigie, sauti inapoza mengi.

Asubuhi kanipigia yeye, siasa hajagusa kabisa, kauliza tu kama kile kikohozi chako kimeisha. Nikamwambia sijui, ngoja nikuulize.

Kimeisha?

Mama